Hewa ya banda dogo la kuku: uwazi wa juu, ukuta wa wavu, mwanya wa kileleni au madirisha?

Unapochora banda la kuku sita, nane au kumi la nyuma ya nyumba, kuna swali ambalo halingoji mpaka bati lipande: hewa itaingilia wapi na itatokea wapi? Viota unaweza kuvihamisha hata mwezi ujao, na uzio wa nje unaweza kuupanua ukipenda. Lakini banda likishaelekezwa upande fulani, kuta zikafika urefu fulani na paa likakaa, kubadili ni kubomoa. Njia za hewa zimefungamana na hayo yote matatu.

Wanaojenga kwa mara ya kwanza hukwama kati ya njia nne: uwazi mrefu chini ya paa, ukuta mzima wa wavu, mwanya kwenye kilele cha paa, na madirisha ya kufungua na kufunga. Feni tumeiweka mwishoni kwa sababu ni nyongeza ya hizo nne, haisimami peke yake.

Vipimo kabla ya kuchagua

Ili njia zote zipimwe kwa mizani moja, tuchukue banda la kuku 8 wakubwa, lenye sakafu ya mita 2 kwa 1.5, yaani mita 3 za mraba. Ukuta wa mbele una mita 1.8 na wa nyuma mita 1.5.

Kwanza ni kiasi cha uwazi. Kanuni inayotumiwa na wafugaji wadogo wengi ni sm 30 kwa sm 30 kwa kila kuku, karibu mita za mraba 0.09. Kuku 8 wanahitaji basi 0.72. Hesabu hiyo ni ya uwazi wenyewe, si ya fremu. Wavu wa matundu ya nusu inchi wenye waya wa milimita 1 unaacha takribani asilimia 84 ya nafasi. Wavu wa mbu unaacha nafasi ndogo kuliko hiyo, kisha vumbi la kuku linauziba ndani ya wiki chache. Kosa linaloonekana mara nyingi ni kutoboa matundu ya duara ukutani na kuridhika. Matundu 12 ya kipenyo cha sm 2.5 kwa jumla ni sm 59 za mraba, hayafiki hata sehemu ya kumi na tano ya anachohitaji kuku mmoja.

Pili ni mahali. Hewa yenye joto na unyevu hupanda, na amonia nayo ni nyepesi kuliko hewa. Fito za kulalia zikiwa sm 60 kutoka chini, kichwa cha kuku aliyelala kinafika karibu mita 1. Uwazi wa kutolea hewa uanzie mita 1.3, ili hewa inayopita isiwapige usingizini.

Tatu, na hiki ndicho kipimo kinachosahaulika, ni usiku. Mchana kuku wako nje na mlango uko wazi, kwa hiyo karibu banda lolote huonekana lina hewa. Kuku anayetaga hunywa karibu robo lita kwa siku, na kwenye joto kali huweza kunywa mara mbili ya hapo. Sehemu kubwa ya maji hayo hurudi kama pumzi na kinyesi, na kinyesi kingi huangukia chini ya fito usiku. Basi kila njia tuiulize hivi: saa kumi alfajiri, mlango umefungwa na kuku wote wamo, hewa chafu inatokea wapi?

Yaliyobaki ni mvua, wanyama wala kuku, ugumu wa ujenzi, na kazi ya mkono ya kila siku.

1. Uwazi mrefu chini ya paa

*Hewa inavyopita.* Kuta za mbele na nyuma zinaishia sm 20 chini ya bati, na pengo hilo linafungwa kwa wavu. Pande mbili za mita 2 zinatoa mita za mraba 0.8, na ukitoa waya zinabaki 0.67. Hapo umekaribia kipimo bila kugusa sehemu ya chini ya ukuta. Upepo unaingia upande mmoja na kutokea wa pili ukipita juu ya migongo ya kuku. Tofauti ya sm 30 kati ya ukuta wa mbele na wa nyuma inasaidia hewa ya moto kutafuta upande wa juu, ila usiitegemee sana, kazi kubwa inafanywa na upepo.

*Joto.* Hutoa joto linalojikusanya chini ya bati kabla halijashuka. Haileti upepo mwilini mwa kuku, na hapo ndipo inapopungukiwa. Kuku hana tezi za jasho: anapoa kwa kuhema, na kwa damu inayopita kwenye upanga na ndevu. Usiku unaobaki juu ya nyuzi 30 anahitaji hewa inayomgusa.

*Baridi.* Hapa njia hii haina mshindani wa karibu. Inabaki wazi mwaka mzima, unyevu unatoka, na kuku wanakaa kwenye hewa tulivu. Kinachounguza upanga kwa barafu mara nyingi ni baridi ikikutana na hewa iliyojaa unyevu, na banda lililozibwa kwa huruma huleta vyote viwili.

*Mvua na wanyama.* Bati litokeze angalau sm 30 mbele na nyuma. Panya na vicheche hupitia pale ambapo migongo ya bati inakutana na mbao, kwa hiyo wavu ukunjwe mpaka juu ya papi (mbao zinazobeba bati), usiishie usoni mwa ukuta. Ufungwe kwa skrubu zenye washa kila sm 10, na juu yake upigwe ubao mwembamba. Wavu uliopigiliwa misumari mitupu hung'oka kwa mvuto mmoja.

*Ujenzi na kazi ya kila siku.* Ndiyo rahisi kuliko zote, na haina cha kufungua wala kufunga. Angalia tu fundi asije akapendezesha ukingo wa paa kwa ubao unaoshuka mpaka chini ya pengo. Ukisimama ndani utaona uwazi upo. Ukitoka nje utakuta njia imezibwa.

*Inamfaa* mwenye baridi au mvua za mara kwa mara, na asiyetaka kuamka usiku kushughulika na vifuniko.

2. Ukuta mmoja wa wavu

*Hewa inavyopita.* Ukuta wa mbele una mbao au tofali mpaka sm 60, na kutoka hapo mpaka juu ni wavu. Mita 2 kwa 1.2 ni 2.4, na ukitoa waya unapata mita za mraba 2, karibu mara tatu ya kipimo. Lakini ukubwa huo unadanganya kidogo, kwa sababu hewa inaingia na kutoka kwa mlango mmoja. Kama kuta tatu zilizobaki zimezibwa vizuri, upepo unaogonga mbele haupati pa kutokea, unasimama, na nyuma ya banda pana utulivu.

Hapo kuna uamuzi wa kufanya mapema. Ukifungua ukanda wa sm 10 juu ya ukuta wa nyuma, upepo unapata njia na unakatiza banda zima. Kwenye joto hiyo ni neema. Kwenye baridi umegeuza kona tulivu kuwa mkondo wa upepo unaopita juu ya fito. Ukanda huohuo unaweza kuwekewa ubao wa bawaba, ufunguliwe msimu wa joto na kufungwa msimu wa baridi. Mara mbili kwa mwaka si kazi kubwa.

*Joto.* Ndiyo bora kati ya njia zisizotumia umeme, mradi ukanda wa nyuma uwe wazi. Mahali pa jua kali, banda lielekee mashariki na magharibi kwa urefu wake ili jua la asubuhi na jioni ligonge kuta fupi. Ukuta wa wavu unaotazama magharibi unaoka kuku jioni nzima, hata hewa ikiwa nyingi.

*Baridi.* Inawezekana, ila fito ziwe nyuma kabisa na banda liwe na kina cha kutosha. Banda letu la mita 1.5 ni fupi kwa jambo hilo. Mita 2 au zaidi kutoka wavu mpaka ukuta wa nyuma ni salama zaidi.

*Mvua na wanyama.* Hapa ndipo gharama ya njia hii ilipo. Wavu usitazame upande mvua inakotokea, na bati litokeze sm 60 mpaka 90. Hata hivyo mvua ya upepo itaingia, na maranda yaliyotandazwa sakafuni yakilowa, vijidudu hugeuza kinyesi kuwa amonia kwa kasi. Turubai linasaidia likifungwa ipasavyo: lishikizwe chini na livutwe kwenda juu, ili hata likifungwa karibu lote bado juu pabaki wazi. Wengi hulining'iniza kutoka juu kama pazia la sebuleni, na wakishusha nusu wanaziba palepale hewa chafu inapotokea na kuacha wazi palepale upepo unapompiga kuku.

Wavu mwepesi wa pembe sita unazuia kuku kutoka, hauzuii mnyama kuingia. Tumia wavu wa kuchomelewa wa nusu inchi, nguzo zisizidi sm 60 kati ya moja na nyingine.

*Ujenzi na kazi ya kila siku.* Mbao chache, wavu mwingi. Pasipo mvua za upepo hakuna kazi. Penye mvua hizo, turubai litakutawala.

*Inamfaa* mwenye joto la muda mrefu na kiwanja kinachomruhusu kuchagua upande wa kuelekeza banda.

3. Mwanya wa kileleni wenye kofia

*Hewa inavyopita.* Paa ni la migongo miwili, na kileleni mabati hayakutani: yanaacha mwanya wa sm 10, na juu yake inakaa kofia iliyoinuliwa. Hewa ya moto inatokea kileleni, na ya nje inaingilia chini. Nguvu ya mvuto huo inategemea tofauti ya joto kati ya ndani na nje, na urefu kati ya matundu ya chini na kilele. Urefu ukiuzidisha mara mbili, mwendo wa hewa unaongezeka kama mara 1.4 tu. Kwa hiyo banda la kuinama, lenye kilele cha mita 1.2, haliwezi kujivunia mwanya wa kileleni. Kilele cha mita 2 au zaidi ndicho kinachostahili kazi hiyo.

Eneo lenyewe ni dogo: sm 10 kwa mita 2 ni 0.2, na ukitoa waya 0.17. Matundu ya kuingizia hewa yasipungue kiasi hicho, na yasiwe chini ya fito; yawe upande wa pili wa banda, sm 15 mpaka 30 kutoka sakafuni. Hata ukijumlisha yote hufikii 0.72, kwa hiyo kwenye joto njia hii huhitaji mwenza.

*Joto.* Kati ya nne, ndiyo inayoendelea kufanya kazi vizuri zaidi upepo ukifa kabisa. Lakini joto la ndani likikaribia la nje, mvuto nao hulegea.

*Baridi.* Huvuta vizuri, wakati mwingine kupita kiasi, kwa sababu tofauti ya joto ni kubwa. Matundu ya chini yawe na kifuniko cha kuteleza ili upunguze nusu yake. Kilele usikizibe.

*Mvua na wanyama.* Kofia itokeze sm 15 mpaka 20 kila upande wa mwanya na iinuliwe sm 7 au 8. Ikiinuliwa chini ya sm 5, hewa inabanwa kwenye kofia na upana wa mwanya hauna maana. Ncha za mabati mwanyani zikunjwe kwenda juu sm 3 ili maji yanayosukumwa na upepo yasitambae ndani. Wavu ufungwe chini ya kofia kabla ya kofia kupanda, maana baadaye mkono haufiki.

*Ujenzi na kazi ya kila siku.* Ngumu kuliko zote. Inataka fundi anayejua paa. Ikishakamilika haikudai kitu zaidi ya kusugua vumbi kwenye wavu.

*Inamfaa* mwenye banda refu la kuingia ukiwa umesimama, hasa lililozungukwa na kuta za nyumba zinazozuia upepo.

4. Madirisha yenye vifuniko

*Hewa inavyopita.* Madirisha mawili ya sm 60 kwa 60 kwenye kuta zinazotazamana yanatoa 0.72 kamili, na 0.6 ukitoa waya. Bawaba ziwe juu, kifuniko kifunguke kwenda nje na kushikiliwa na fimbo, hivyo kinakuwa kipaa kidogo mvua ikinyesha. Dirisha la kioo la kuteleza hufunguka nusu tu, kwa hiyo eneo lake lihesabiwe nusu.

*Joto.* Vizuri sana, kwa kuwa unaweza kuliweka dirisha usawa wa fito na kuleta upepo hasa kwenye miili ya kuku.

*Baridi.* Vibaya, si kwa kosa la dirisha bali la binadamu. Jioni ikipoa mtu hufunga yote kwa nia njema, na saa kumi alfajiri jibu la swali letu ni: haitoki. Pigilia kigingi kidogo kwenye fremu ili kifuniko kisifunge kabisa, kibakize sm 5.

*Mvua na wanyama.* Salama kifuniko kikiwa imara na wavu ukiwa umebaki ndani hata kifuniko kikiwa wazi.

*Ujenzi na kazi ya kila siku.* Ujenzi wa wastani. Kazi ni ya kila siku, asubuhi na jioni.

*Inamfaa* aliye nyumbani kila siku, mahali ambapo mchana na usiku, au misimu, hutofautiana sana.

Na feni?

Feni ndogo ya volti 12 yenye upana wa sm 12 hula wati 2 mpaka 4. Ikifungwa juu ikitoa hewa nje, na tundu la kuingizia likawa upande wa pili lenye angalau sm 250 za mraba, inasaidia banda lisilopata upepo. Tundu likiwa jirani na feni, hewa inazunguka hapohapo na kona ya fito haiguswi. Feni iliyounganishwa moja kwa moja na paneli ya jua inavuma mchana, kuku wakiwa nje, na kunyamaza usiku wanapoihitaji. Betri yenye ujazo wa 7 Ah (ampea-saa) ya volti 12 inatosha feni ya wati 3 kwa saa 12 bila kuimaliza kupita nusu, na paneli ya wati 20 huijaza siku ya jua zuri. Waya upite ndani ya bomba kwa sababu ya panya, na mapanga yasafishwe kwa brashi kila wiki. Siku feni ikifa, uwazi wa kawaida uwe bado unatosha kuwaweka kuku hai.

Kujua kama inatosha

Fungua mlango alfajiri kabla ya kuku kutoka, chuchumaa, vuta pumzi ya kwanza ukiwa usawa wao. Amini hiyo ya kwanza, kwa kuwa pua huzoea amonia upesi. Tazama chini ya bati: matone kwenye ncha za misumari yanasema hewa ya juu haitoki. Fumba konzi ya maranda: yakibaki donge gumu yamelowa mno, yakisambaratika taratibu yako sawa. Kabla kuku hawajaingia na maranda hayajamwagwa, washa udi usawa wa fito. Moshi ukipanda kwa uvivu ukiyumba, vizuri; ukilala ubavu, hapo pana mkondo wa upepo.

Uchague nini, kulingana na hali yako

Joto mwaka mzima, usiku haupoi: ukuta wa wavu pamoja na ukanda wa nyuma, bati litokeze kwa ukarimu.

Mchana moto, usiku baridi: uwazi wa juu unaobaki wazi daima, na dirisha moja au mawili ya kufungua wakati wa joto. Ndiyo mchanganyiko unaosamehe makosa mengi zaidi.

Maji yanaganda usiku: uwazi wa juu, upande unaopigwa na upepo ukipunguzwa nusu kwa ubao, wa pili ukiachwa wote. Kilele kinafaa pia kama banda ni refu.

Banda limebanwa kati ya kuta na upepo haufiki: kilele pamoja na uwazi wa juu. Kama paa ni fupi, uwazi wa juu na feni.

Unasafiri mara kwa mara: epuka njia yoyote inayongoja mkono wako jioni, yaani madirisha na turubai.

Utalea vifaranga humo humo: wanataka nyuzi 32 mpaka 35 wiki ya kwanza, zikipungua kama 3 kila wiki. Wazungushie mbao za sm 45 chini na uwape chanzo cha joto ndani ya duara hilo, matundu ya juu yakibaki kama yalivyo.

Banda limeshajengwa na limezibwa: anza na ukuta usiopigwa na upepo wa mvua. Kata ukanda wa sm 20 chini ya bati, ukiacha nguzo zinazobeba paa, funga wavu, kisha fanya hivyohivyo upande wa pili. Yapime matokeo kwa kunusa kila alfajiri kwa wiki moja kabla ya kukata zaidi.